Kichupa cha Watoto Kumi

3 Mei

Binti yangu,

Barua yako nimeipokea kwa dereva wa basi, na ile orodha yako ya tarehe nayo imefika. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kila nikiinuka kwenye cherehani. Mjukuu wangu, yaani mume wangu, hajambo kabisa. Ana meno manne na anayajaribu kwenye kidole changu.

Sasa tuongee. Umenijazia ukurasa mzima: alipozaliwa, sindano ya kifua kikuu na matone ya polio, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, ile sindano moja ya magonjwa matano, na ya nimonia, na matone ya kuzuia kuharisha. Unanieleza mimi! Wiki ya kumi na nne ulikuwa umesharudi kiwandani kwako, nani alimbeba? Kadi ninayo, iko ndani ya mfuko wa nailoni, haijapata hata doa la chai.

Juzi ametimiza miezi tisa. Jana saa moja na nusu asubuhi nilikuwa kliniki, tupate ya surua na rubela. Tumerudishwa! Muuguzi anasema tuko watatu, na kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Dawa yenyewe ni unga. Ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu, inayobaki inamwagwa. "Mama fundi, nimwage dozi saba?" Turudi Alhamisi.

Mimi nakata vitambaa, uchungu wa kutupa naujua. Lakini nimeudhika, na nataka ujue kwamba nimeudhika.

Mama yako, fundi

11 Mei

Mama, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia. Mimi mzima, kazi ni zilezile, sabuni mpaka kwenye ndoto.

Mama, mpangaji mwenzangu katoka huko majuzi. Anasema surua imeingia mtaa wa nyuma ya shule, watoto wanne tayari. Shule na kwako ni dakika sita kwa miguu! Sitaki kukulaumu, ila kazi ikikushika nakujua. Ulikuwa na mashati yako ya sare, surua ikanikuta bila chanjo, na sikio langu la kushoto halijasikia kitu tangu siku hizo. Ndiyo maana tunaandikiana barua badala ya kupigiana kelele kwenye simu.

Nimekata tiketi ya tarehe 2 Juni. Nikikuta hajachanjwa, namchukua. Nyuma ya kiwanda kuna mama analea watoto.

Mwanao

13 Mei

Binti yangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, na mkasi mkononi. Hilo la sikio silijibu leo, maana nina kazi. Sikiliza!

Alhamisi ya kwanza tulikuwa watano. Jana, wanne. Nikamwambia muuguzi, kumi toa wanne ni sita. Nikikuletea sita utafungua? Akacheka. "Fundi, ukiwaleta nitafungua huku naimba."

Nimerudi mbio nyumbani nikafungua daftari langu la vipimo. Binti yangu, mimi nawajua wanawake wa mtaa huu kiunoni! Mwenye duka la vyombo: Januari mwaka jana kiuno sentimita 76, Juni kaja nimpanulie, 98, Septemba kaja nimpunguzie, 84. Huyo mtoto kazaliwa Agosti. Hesabu mwenyewe, ana miezi tisa. Mke wa kinyozi: Oktoba alipunguziwa, mtoto wake anakaribia, nimemwekea alama ya kuuliza. Nimepitia kurasa zote. Nimepata wanawake kumi na saba, na hakuna mtu yeyote kliniki aliyekuwa na orodha kama hii.

Kesho naanza kugonga milango.

Mama yako

20 Mei

Binti yangu,

Kaa kwanza. Umekaa?

Siku tano nimegonga milango. Mmoja ananiambia mwanawe ana mafua; nikamwambia twende akaseme muuguzi, na muuguzi kasema mafua mepesi hayazuii chanjo. Mke wa muuza maji kajishika kiuno: "Mama fundi, nasikia sindano hiyo ndiyo inayoleta surua yenyewe." Nikamjibu nilivyoelezwa: kirusi kilichomo kimedhoofishwa, mwili unajifunzia kupigana. Anayejifunza kushona nampa tambara, simkabidhi hariri ya bibi harusi. Akafikiri, akasema, "Basi tambara na liwe kweli tambara." Kaja wa kwanza!

Jana walifika kumi na watatu. Mimi nilikuwa mlangoni nawapanga, huyu keti hapa, wewe kadi iko wapi, nikashtuka mume wangu ni wa kumi na moja. Kichupa kimekwisha!

Muuguzi kaniangalia. "Fundi, nikifungua cha pili kwa watatu, saba zinakwenda chini." Saa hiyo ni tatu na nusu. Nikasema, "Usifunge dirisha," nikamwachia mke wa kinyozi mtoto, nikatoka. Mtoto wake yeye alikuwa bado wiki mbili, lakini alikuja kunisindikiza. Viatu nilivivua kwenye kona ya pili. Mmoja nilimtoa sokoni na mzani wake mkononi, mmoja bafuni, povu bado kichwani. Saa sita kasoro nimerudi na wanne. Watatu na wanne ni saba. Muuguzi akafungua. Na akaimba, vibaya sana!

Mume wangu alilia sekunde nane, nilihesabu. Tukakaa dakika kumi na tano watuangalie, na tukaambiwa tusipake kitu chochote pale palipochomwa. Dozi tatu zilimwagwa. Ziliniuma, lakini kumi na saba wamepata.

Mama yako

29 Mei

Binti yangu,

Hujajibu. Labda basi, labda wewe.

Jana mume wangu alipata joto, na vipele vidogo kifuani. Siku ya tisa. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, nikaiacha. Nikampeleka. Muuguzi akampima, akamkagua mdomo na macho, akanikumbusha alichotuambia siku ile: kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili wengine hupata joto na vipele vya chanjo yenyewe, vinapita. Leo anacheka, anararua karatasi za kukatia.

Sasa la sikio. Nilikupeleka mara tatu. Mara zote tulirudishwa: tulikuwa wanne, tukawa watatu, tukawa wanne tena. Mara ya nne sikwenda. Nilikuwa na mashati mia moja na ishirini, ni kweli, na niliambiwa tutarudishwa tu. Wiki hiyo walifungua. Nilikaa na hiyo hesabu miaka ishirini na sita. Zile mara tatu nilizokwenda sikuzitaja, maana hazikukusaidia kusikia.

Mama

6 Juni

Mama, shikamoo.

Nimefika salama, mwili mzima, miguu imevimba kidogo kwa kukaa. Najua tumeagana juzi tu, lakini kuna jambo sikulisema mbele yako.

Barua yako ya mwisho niliisoma, na bado nilipanda basi na begi la mtoto. Nilikuta wanawake watatu chumbani na vitambaa vyao, na wewe umeshika futi kama hakimu: "Kadi kwanza, gauni baadaye." Mmoja wao, mnene, akalalamika, "Mama fundi, hapa ni kliniki au ni kwa fundi?" Ukamjibu, "Miezi mingapi?"

Kisha uliponiona uliacha kila kitu, ukanizunguka, ukaja upande wangu wa kulia ndipo ukasema karibu. Umefanya hivyo maisha yangu yote. Safari hii ndipo nimeona.

Begi ulilitazama, ukalipima kwa macho kama unavyopima watu. Nimerudi nalo tupu. Sindano ya pili ya surua ni akitimiza miezi kumi na minane. Mpeleke wewe, Mama.

Mwanao