Barabara ya Ikuti Haiingii Kwenye Gemu Jipya

Lusajo,

Fundi Hamisi wa Makandana amethibitisha jana mchana kwamba kazi yako haijapotea. Faili zote za barabara ya Ikuti, ile uliyoijenga ndani ya gemu la malori, zimetoka salama kwenye diski ya kompyuta yako iliyoungua. Ameniambia pia, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mtu kwamba simu yake imeingia maji, kuwa gemu lililomo kwenye kompyuta mpya halitazipokea faili hizo.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza.

Mengine yalikwenda hivi. Mvua zilizofuata baada ya kukuzika zilikuja na radi, umeme ukapanda ghafla, kompyuta yako ikafa. Dada yako Tusekile alipokuja tena kutoka Dar es Salaam kumwona Mzee, alileta kompyuta mpya. Hakutaka baba yenu akose lori lake. Gemu alilinunua kwa njia halali, kwenye lile duka la programu linalokuja ndani ya kompyuta yenyewe. Jina ni lilelile, malori ni yaleyale, picha ni nzuri kuliko zako. Alidhani amekamilisha, na mtu yeyote angedhani hivyo.

Wewe ungenicheka ninavyolieleza hili, lakini nilimuuliza Hamisi maswali mpaka akachoka, kwa hiyo nakuandikia kama nilivyoelewa. Gemu lako la zamani liliwekwa kama programu ya kawaida. Lilikuwa na folda unayoweza kuifungua: ramani hapa, sauti pale, magari kule. Ulikuwa unaongeza vitu vyako, zile nyongeza wenzako wa mtandaoni wanaziita modi, na gemu linavisoma. Hili la dukani limekuja kama kifurushi kilichofungwa na kutiwa muhuri. Folda yake ni mali ya mfumo, si ya mwenye kompyuta. Hamisi aliingia kama msimamizi, akakataliwa. Alipolazimisha na kubadilisha faili moja, gemu lilijua muhuri umeguswa, likagoma kuwaka, kisha duka likashusha faili ya asili na kuirudisha mahali pake. Hata kile kiprogramu chako cha breki ya mkono, kinachomwezesha Mzee kutia mafuta na kufunga breki kwa mkono badala ya mguu, hakilifikii, maana gemu limewekewa uzio na halisikii kitu kilicho nje. Anasema wapo watengenezaji wanaouza kwenye duka hilohilo lakini wameacha mlango kwa ajili ya modi. Hawa hawakuacha. Nilimuuliza kama huo ni uonevu. Akasema hapana, ni ulinzi. Virusi navyo hupita mlango huohuo.

Sasa Mzee.

Tangu mguu ukatwe na udereva ukamkoma, unajua, lile lori la kwenye kioo ndilo lililobaki. Usukani wako bado umefungwa mezani. Kwa kuwa breki ya mkono haifanyi kazi kwenye gemu jipya, Tusekile alikaa kwenye kibodi, akawa anakanyaga mafuta na breki kwa vidole. Mzee alimgombeza njia nzima. Alimwambia amekaa mjini mpaka amesahau mlima ni nini. Walikuwa wanapita nchi ya Wazungu, barabara pana, kavu, haina ukungu. Tusekile alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi pia. Kisha Mzee akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Humu sina mtu wa kumpigia honi," akasema.

Hajagusa usukani tena. Nikienda jioni namkuta amekaa dirishani na blanketi begani, anaangalia migombani ulikozikwa. Ananisalimia kwa Kinyakyusa, anauliza habari za mjini, kisha anageukia tena dirisha. Kwa kazi yangu ya uandishi wa habari nimehoji watu wengi waliofiwa, Lusajo. Nilikuwa najua swali la kuuliza; kwake silioni.

Juzi nimetazama picha tulizopiga wakati unaitengeneza ile barabara. Mimi nipo karibu katika zote, nimesimama kwenye matope na koti langu, maana ulinifanya kipimo. "Simama hapo, leo wewe ni nguzo ya umeme." Ukapima makalvati, ukapima kona, ukarudi nyumbani, na Mzee akaikataa kona ya kanisani kila ulipomwonyesha. Alisema kwa kona ile ungeshaua watu. Ulinung'unika, ukairudia. Ulipopatia hakukusifu. Alipiga honi tu.

Na watu wake uliwaweka wote. Muuza parachichi wa njia panda. Mlinzi wa kituo cha kupimia chai. Mama yako, aliyetangulia muda mrefu, yuko mlangoni na kanga yake. Hamisi alinifungulia picha za watu hao dukani kwake, moja baada ya moja, nami nilikuwa natafuta kitu bila kumwambia. Wewe hukuwamo. Barabara nzima, kuanzia Ikuti mpaka unapoingia Tukuyu, hukujiweka popote.

Hamisi aligundua ninachotafuta. Akasema anaweza kukuongeza, picha yako anayo, ukae hata pale njia panda. Nilimpelekea Mzee wazo hilo jana jioni pamoja na habari nyingine.

Habari nyingine ni hii. Tusekile ameridhia gemu la dukani litolewe. Watengenezaji wanauza pia toleo la kawaida kwenye tovuti yao, lisilo na muhuri, na matoleo ya zamani bado yanapatikana humo, likiwemo lile ulilolitumia. Hamisi ataliweka hilo, ataingiza barabara yako na kiprogramu cha breki, kisha ataizima intaneti kwenye kompyuta ile moja kwa moja. Gemu likijisasisha, barabara itaanza kubomoka kipande kwa kipande, na aliyekuwa anajua kuirekebisha hayupo. Hamisi alitaka Mzee alielewe hilo kabla hajaanza: hakutakuwa na lori jipya wala njia mpya.

Mzee alisema njia mpya azipite na nani.

Kuhusu picha yako alikataa. Hakukasirika. Alinieleza kama anavyomweleza mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, na kweli sijawahi. Alisema wewe hukuwahi kusimama barabarani. Ulikuwa unakaa kushoto kwake, unamtajia matope yalipo, unamwambia baba yako punguza, Tata. Tingo, msaidizi wa dereva, haonekani kutoka nje.

"Kiti ndicho kiko wazi," akasema. "Uje wewe."

Nilimwambia sijui kazi hiyo. Akasema nimetembea barabara yote kwa miguu nikiwa nguzo, sasa nijifanye sijui?

Kwa hiyo nimekubali, na nakuahidi wewe pia, maana kiti ni chako. Sitajaribu kuongea kama wewe. Nitamtajia kilichopo mbele, basi, kila jioni atakayotaka kusafiri.

Lala salama, ndugu yangu. Hamisi anakuja Ikuti Jumamosi saa nne asubuhi. Mzee ametaka niwe nimefika kabla yake.