Vidonge Kumi na Viwili vya Udongo

Rafiki yangu Elifuraha,

Same bado ni joto na vumbi, na mimi bado mbishi. Lakini wiki hii nimeshindwa, tena na wewe, na nimecheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Unakumbuka vidonge vyako vya udongo? Mimi mwalimu wa kemia, wewe mtunza maabara. Niliwafundisha wanafunzi kwamba atomu kumi na mbili za boroni hujikusanya kama mpira, kwa kuwa ndivyo zilivyo ndani ya boroni ngumu. Wewe ukapanga vidonge mezani: vitatu katikati, tisa kuvizunguka, katikati pameinuka kidogo, kama ungo uliogeuzwa. Ukasema, "Mwalimu, zile za kwenye jiwe zina majirani. Hizi ziko peke yao, na elektroni zenyewe chache. Zitafanya msaragambo, kazi ya pamoja kama ya kijijini."

Nikavikusanya vidonge vyako nikavifanya mpira. Nikasema mbele ya darasa zima, "Elifuraha, kazi yako ni kuosha chupa." Ukacheka, ukaenda kuziosha. Neno hilo lilinikaa kooni. Tukakuzika Chome, kule milimani, nikiwa bado sijalitema.

Jumatatu alikuja binti yako Namweta, ambaye siku hizi anafundisha kemia Ugweno. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Leo mimi ndiye ninayesahihisha." Akafungua simu, akanionyesha picha za makundi ya atomu za boroni yaliyopimwa na watafiti.

Ngoja nikueleze, maana kueleza sijaacha. Atomu tatu hukaa pembetatu. Nne hulala bapa kama uru wa karata. Nane hufanya gurudumu: saba pembeni, moja kitovuni. Kumi na mbili… ungo wako, Elifuraha! Tatu katikati, tisa pembeni, na kitumbo kile kile kilichoinuka. Zikifika ishirini hivi, ungo unaanza kuchoka. Zaweza kujipanga pete mbili za kumi kumi, moja juu ya nyingine. Arobaini hujifunga kama tenga la kuku, tupu ndani. Kwa hiyo mpira wangu ulikuja, ila kwa kuchelewa sana, na hauna kitu ndani!

Na sababu ni ile ile yako. Kila atomu ya boroni ina elektroni tatu tu za kujifungia na wenzake. Hazitoshi kila majirani wawili kuwa na jozi yao, basi kundi zima linazitumia pamoja. Ni kama baragumu lilipolia Chome tukasafishe ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia: hakuna aliyesema tope hili lako, lile langu.

Jana nilirudi shuleni kwetu pamoja na Namweta, kwa ruhusa ya mkuu. Nikapanga vidonge kumi na viwili juu ya ungo, nikawaambia wanafunzi, "Aliyegundua hili hapa ndani alikuwa Elifuraha, nami nilimdharau." Namweta akaanza kupiga makofi, darasa likafuata, nami nikapiga kuliko wote.

Nisamehe, rafiki yangu. Ungo huo sasa uko kwenye kabati la maabara, na jina lako chini yake. Nikiwa na pumzi nitaufundisha.

Pumzika huko baridini. Siku tutakapokutana, wewe kaa mezani ufundishe. Chupa nitaosha mimi.