Kimashine cha Baba kinahesabu tena

Mhunze, Kishapu
21 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Generoza,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yake? Goti lako linaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Pamba imeshavunwa, vumbi ni jingi, na mimi bado ni karani pale ghalani. Bado nashtuka simu ya bosi ikiita.

Samahani kwa mwandiko huu mbaya. Sababu utaiona huko mbele. Ningekupigia, lakini Baba husikiliza kila neno na angeninyang'anya simu aeleze yeye, kwa namna yake.

Ni hivi. Kile kimashine cha kuhesabu hatua ulichomletea kaka yako baada ya kiharusi kilizima mwezi uliopita. Unajua jinsi kilivyomwinua kitini. Daktari alipomwambia atembee kila siku, alisema miguu haitaki. Ulipomfungia kile kiunoni, akaanza kushindana na namba zake mwenyewe. Kilipozima, naye akakaa.

"Nitembee bure bure, nani atahesabu?" akaniambia.

Mguu wa kushoto ukaanza kuburuta tena. Shangazi, niliogopa kuliko siku aliyolazwa.

Nikakifungua. Betri zake mbili, zile ndogo kama za rimoti, zilikuwa zimevuja. Unga mweupe uliochanganyika na ukijani ulikuwa umeganda kwenye springi na kwenye vibati vya pembeni. Nikamuuliza Baba amezifanyia nini. Akajibu bila wasiwasi kwamba zilipoanza kuchoka alizianika juu ya bati pamoja na za redio, jioni akazirudisha ndani.

"Mbona za redio hupata nguvu?"

Nyumba hii nzima tumekua tukianika betri.

Nilisoma kwanza kwenye simu, nikasoma tena, ndipo nikagusa. Kinachovuja kwenye betri za aina ile ni besi, na kemia ya sekondari sijaisahau: besi hutulizwa na asidi. Nikavaa glovu, nikafungua dirisha, nikazitia betri mbovu kwenye kopo lenye kifuniko. Nikachovya kijiti cha pamba kwenye siki na kupangusa polepole, tone kwa tone, isiingie ndani zaidi.

Mama alisimama mlangoni. "Siki yangu ya kachumbari ndiyo inaogesha betri?"

Unga ukatoa povu ukalegea. Nikafuta kwa spiriti, nikaacha kikauke kabisa, kisha nikasugua vibati kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Nilianza kujisifu kimoyomoyo. Hapo springi moja, iliyokwisha kuliwa na kutu, ikakatika mkononi mwangu.

"Mayu," Baba akasema taratibu, kama anavyoniita akinihurumia, "sasa umekiua."

Sikuinuka, Shangazi. Nilifungua kalamu yangu ya ofisini, ile ya kubonyeza, nikatoa springi yake, nikaikata na kuikaza mahali pa ile ya zamani. Nikatia betri mpya. Kioo kikawaka, kikaonyesha sifuri.

Baba akakisogeza karibu na macho. "Kimenisahau."

"Kimesahau hatua, Baba. Wewe hakijakusahau."

"Basi nipe fimbo yangu."

Alikwenda hadi kanisani na kurudi, jasho linamtoka, akidai kwamba springi ya kalamu inampunja hatua. Tangu hapo anatoka kila asubuhi, na ule mguu anauinua. Usiwe na hofu tena; mimi mwenyewe sina, au ninayo kidogo tu. Tumekubaliana betri zikichoka aniletee mimi, wala zisionje jua.

Jana nilirudi kazini nikaona betri zimepangwa juu ya bati. Nikapanda kigoda nikatazama: za redio tu. Nikamwita Baba nimkemee, hakuwepo kitini. Alikuwa mbali barabarani, kimashine kiunoni.

Kalamu ninayoandikia ndiyo ile isiyo na springi. Nikikandamiza tu ncha inarudi ndani, kwa hiyo naishikilia kwa kidole. Ndiyo sababu ya mwandiko.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu Evance pia. Tusalimie dada Rhoda na wanawe. Mungu alitunze goti lako mpaka uje utembee na kaka yako, anasema atakushinda.

Mwanao akupendaye, na akuogopaye kidogo,
Scolastika