Dakika ya Nne

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini ulifika salama na miguu imeacha kuvimba baada ya kukaa kwenye basi kutwa nzima. Sisi huku hatujambo. Mama yako yuko vilevile: mkono wa kulia bado mzito, maneno yanatoka moja moja, lakini akili ni ile ile, na bado ananikosoa ninavyotandika kitanda. Mimi mzima, ila goti.

Utashangaa kuona barua. Simu nimeizima tangu Jumamosi, iko kwenye droo ya soksi. Ngoja nikueleze.

Jumamosi nilikwenda kunyoa. Nilipoingia, watu watatu waliokuwa kwenye benchi walinyamaza, kisha wakaanza kutabasamu kwa chini chini. Kinyozi akasema, "Karibu mzee, staa wetu." Nikadhani ananitania kwa ajili ya upara. Alipomaliza upande mmoja wa kichwa akanigeuzia simu yake.

Nikajiona. "Siku Moja ya Wazee Wangu," ndivyo ulivyoandika juu yake. Dakika tisa. Nimekaa na kitambaa cha kunyolea shingoni, natazama siku yangu mwenyewe pamoja na watu nisiowajua.

Nikajiona nimekaa ukingoni mwa kitanda najikuna mgongo kwa rula. Nikamwona mama yako amelala kinywa wazi, meno yake yako kwenye glasi dirishani. Nikajiona nakula. Mwanangu, sikujua kwamba nakula vile. Midomo inapiga, chai inashuka kidevuni, naipangusa kwa mkono, mkono naupangusa kwenye suruali. Halafu ile ya kumkata mama yako kucha za miguu, kucha moja ikarukia kwenye siagi, nawe ukaisogelea mpaka ikajaa kioo kizima. Hapo benchi zima lilicheka hadi mmoja akakohoa.

Kisha mlango wa chumba cha kulala. Haukufungwa vizuri, na wewe ulikuwa upande wa pili. Mgongo wa mama yako unaonekana, na paja lake, na mimi na beseni. Halafu shuka kwenye kamba, na lile doa.

Kinyozi akaniambia, "Mzee, una upendo wewe." Niliondoka na kichwa nusu kimenyolewa. Mpaka leo kiko hivyo.

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi miaka thelathini na mmoja. Nimewachungulia watu kwenye darubini wakiwa wamesimama na fimbo kule mbali, lakini nilikuwa nawaambia wasimame, na walijua napima nini. Wewe ulituambia unachukua picha za kumbukumbu. Nina kinyaa ambacho sijui nikiweke wapi.

Mama yako hajui lolote. Nakuomba uitoe.

Ni mimi,
Baba yako


13 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako, na kusema kweli niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi ni mzima, saluni inaendelea, wateja ni wengi na vidole vinauma kwa kusuka. Mama umpe mkono wangu.

Baba, umeielewa vibaya. Watu hawawacheki. Watu laki mbili wameitazama, na wengi wanalia. Mama mmoja mtu mzima alikuwa kwenye kiti changu nikimsuka, akaniambia hajawahi kuona mwanamume anamwogesha mkewe, akaomba aitazame tena. Kuna vijana wameandika kwamba wataoa sasa. Kile cha kucha wamecheka, ndiyo, lakini kwa wema, kama mtu anavyocheka akikumbuka kwao.

Na nilikuomba ruhusa. Nilisema, "Baba, nachukua video," ukasema, "Chukua tu, kwani nitaisha?"

Kuna jambo nilitaka kukupa kama habari njema. Kampuni moja ya nepi za watu wazima imeniita. Wameipenda video na nimeshakubaliana nao. Watamletea mama maboksi ya mwaka mzima. Hutafua tena mashuka kila asubuhi, baba. Mimi niko mbali, sina msaada mwingine, nikaona angalau hilo nimeliweza.

Sasa niulize, na usinikasirikie. Ni aibu gani iliyopo pale? Mama ni mgonjwa, wewe unamtunza. Au unamwonea kinyaa? Mimi nilikuwepo siku kumi na mbili na sikuona kinyaa hata chembe.

Washa simu, tafadhali.

Wako,
Binti yako


21 Machi

Mwanangu,

Salamu. Sisi hatujambo, na wewe pole na vidole, vichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Umeniuliza swali, nami nimelikimbia siku nne. Nimefagia uwanja mara mbili kwa siku ili nisilijibu. Sasa nakujibu, na barua hii ukishaisoma uichane.

Ndiyo. Namwonea kinyaa.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, nikifunua lile shuka, harufu inanipiga usoni na tumbo linapanda. Siyo mkojo peke yake, unanielewa. Navuta pumzi moja kubwa mlangoni kabla sijaingia, kama mtu anayezamia, halafu nafanya kazi haraka. Ikiniishia navuta nyingine dirishani, namwambia naangalia kama kutanyesha. Nikimaliza namfunika, namchana nywele, nazungumza naye habari za jana. Kisha natoka na beseni, napita nyuma ya jiko, na siku nyingine, si zote, natapika. Nasukutua, narudi namwuliza atakunywa chai ya rangi au ya maziwa.

Miaka mitatu sasa. Hajui. Nampenda mama yako, na tumbo langu haliniulizi. Yeye alikuwa mkunga, mikono yake haikuwahi kusita kwa mtu yeyote, na mimi sitaki ajue kwamba mikono yangu inasita kwake.

Niliitoa simu kwenye droo. Nimeitazama video yako peke yangu, mara nyingi, kwa jicho la kazi. Dakika ya nne, sekunde ya kumi na moja. Mama yako amegeukia ukutani, mimi ninafuta. Uso wangu umeuangalia mlango. Sikujua kwamba wewe uko pale unaangalia, basi nikauachia ukunjike. Tazama pua. Tazama midomo ilivyokunjwa. Ni uso wa mtu aliyefungua pipa la takataka. Laki mbili wameuona wakauita upendo, kwa sababu muziki uliouweka ni wa upendo.

Mama yako hatadanganywa na muziki. Akiuona uso ule, kila asubuhi iliyobaki nitakapofunua shuka atakuwa anauona. Hilo ndilo ninaloliogopa, siyo kinyozi.

Wewe hukuona kinyaa kwa sababu simu haina pua. Siku zote kumi na mbili hukushika shuka hata moja. Mikono yako yote miwili ilikuwa na kazi.

Nisamehe kwa hilo la mwisho, lakini silifuti.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima kwa mwili.

Nimeifuta. Nimekaa nayo kwanza, nikasimamisha pale uliponiambia. Niliikata na kuiunga video ile kwa siku tatu, nimeupita uso huo labda mara mia, na sikuuona.

Kampuni nimewaambia sitaki. Wamejibu kwamba tangazo lao fupi limeshatoka na linazunguka kwenye simu za watu, hawawezi kulikusanya. Kipande walichokitumia ni cha chumbani. Maboksi nayo yako njiani.

Usimwache mama na simu ya mtu.

Binti yako


9 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sisi tuko hai.

Barua yako ilifika Jumatatu, lakini maboksi yalifika Ijumaa iliyotangulia, na pamoja nayo alikuja yule nesi mstaafu tunayemwita Mama Sindano, aliyefanya kazi wodi moja na mama yako. Aliliona gari la kampuni nje akajua ni la nini. Akaingia na lile tangazo kwenye simu mkononi, anafurahi kwa dhati, sina la kumlaumu. Mimi nilikuwa jikoni natafuta vikombe vinavyofanana. Nilipotoka na sinia, muziki ulikuwa unalia.

Mama yako alitazama mpaka mwisho. Akasema, "Tena." Mara ya pili akainua kidole cha mkono mzima, Mama Sindano akasimamisha. Pale pale. Nilibaki mlangoni na sinia.

Mgeni alipoondoka, akaniambia, "Kaa."

Nikakaa.

"Unabana pumzi."

Nikasema, "Ndiyo."

"Najua." Akapumzika. Unajua maneno yanavyomchukua muda. "Tangu mwaka wa kwanza. Mvua gani… kila siku."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Wodini na mimi nilibana. Wote tunabana." Basi nikamwambia na lile la nyuma ya jiko. Hilo hakulijua. Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo unaocheka. "Ndiyo maana hunywi chai mpaka saa nne."

Nilidhani yameisha. Nikamwuliza kama amechukia. Akasema, "Wewe, hapana."

Kisha akauliza, "Mlango nani aliacha?"

Nikasema mimi, sikuusukuma vizuri.

"Yeye aliuona. Akasimama." Hapo uso wake ulibadilika, mwanangu, nami nakuandikia kama ulivyokuwa kwa sababu umezoea kuona vitu vilivyorembwa. Ulikunjamana kama wa mtu aliyeuma kitu kibovu. "Miaka thelathini na minne… wodini. Hata mwenye mke… namtoa. Mpaka nimfunike." Akatafuta beseni kwa mkono, nikamsogezea. Akatema mate. Sijawahi kumwona mama yako akitema mate kwa sababu ya mtu.

"Nimemzaa mimi," akasema.

Maboksi kayakataa. Nimeyapeleka zahanati na mkokoteni. Asubuhi sasa navaa barakoa, ndiyo amri yake ya kwanza, na dirisha tunalifungua wazi. Kazi inakwenda polepole zaidi na tunazungumza humo humo ndani. Kwangu mimi mzigo umepungua, siwezi kukudanganya.

Kwako wewe, sijui. Sijamwombea msamaha kwa niaba yako na sitamwombea. Ukitaka kuja, njoo.

Baba yako


3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa mama kama atazipokea. Nimefika salama. Naandika kwa sababu nilipokuwa hapo sikuweza kukusimulia yaliyotokea Jumanne ulipokwenda sokoni, na wewe hukuuliza.

Siku mbili za mwanzo uliona mwenyewe. Nikiingia, anaangalia ukuta. Jumanne nikasema liwalo na liwe. Nikajaza beseni, nikachukua taulo, nikaingia na kuufunga mlango. Alikuwa macho. Alilivuta shuka kwa mkono wa kushoto mpaka kidevuni.

Nikasema, "Mama, ni mimi. Baba hayupo, nimekuja kukuogesha."

Akasema, "Mwili huu umeshauona."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, nikayasema yote. Alisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani. Nilipomaliza akasema, "Unaongea vizuri," na baba, sijawahi kutukanwa hivyo.

Nikabaki pale na beseni mpaka maji yakapoa. Mwishowe akasema, "Shuka, chukua."

Akajiviringisha mwenyewe kwa shida kwenye ule upande mkavu, akanikataza kumshika. Nililivuta lile la chini. Nilifika nalo bombani nikatapika, si kidogo, mpaka machozi. Nikajiona mtu wa ovyo, nachukizwa na mama yangu na najichukia mimi, sijui lipi lilikuwa linanitoka. Kulikuwa na mashuka manne ya tangu juzi. Niliyafua yote. Sikuvaa barakoa, nilidhani sistahili, ujinga tu.

Nilipomaliza nilirudi mlangoni nikagonga. Akasema pita. Nikamwuliza, "Na wewe mama, je, nikuogeshe?"

Alifikiri kabisa, niliona anafikiri.

"Bado," akasema.

Basi ulirudi kutoka sokoni ukanikuta naanika, ukasema, "Ala, unafua." Ndiyo hayo.

Binti yako


10 Mei

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, goti limetulia kidogo, kichwa nimemalizia kunyoa kwa kinyozi mwingine.

Barua yako nilimsomea mama yako yote, hata pale pasipompendeza. Alikuwa ameegemea mto, nikitandika. Nilipotandaza lile shuka la maua, mojawapo ya yale uliyoyafua, akalivuta ncha kwa mkono wa kushoto, akalinusa, akalisugua kwa kidole gumba.

"Mwandikie," akasema, "hakusuuza. Sabuni imebaki. Linawasha."

Nikamwambia nitayasuuza mimi, ni kazi ya nusu saa.

"Hapana. Yaache." Nikayakunja, nikayaweka kando. Akayatazama. "Aje ayarudie mwenyewe."

Yako juu ya kiti.

Baba yako