Walikuja na Bia Kunitoa Eda

Jumapili. Joto tangu asubuhi, vumbi jekundu mpaka ndani ya sahani, na mvua ya kwanza bado inatucheka. Nimeamka na hasira, na sikuiomba iondoke.

Watu hunisifu kwa upole. Wanasema sauti yangu haifiki chumba cha pili. Leo mpole huyo hayupo.

Mimi ni sajini, muuguzi katika zahanati ya kambi hapa Lubumbashi. Mume wangu, Amisi, alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Miezi mitatu iliyopita alikufa huko mashariki, akazikwa hukohuko. Mimi nilipigiwa simu tu. Sisi ni Waislamu wa asili ya Maniema, na kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Analala katika nyumba ya mumewe na hasafiri. Shehe aliniruhusu kwenda kazini mchana, mradi jioni nirudi hapa.

Na hapa, nyumba hii, ni mali ya jeshi.

Alhamisi Adjudant, mkubwa wa ofisi yetu, aliniletea karatasi mbili. Moja ni mkataba mpya wa kazi, kwa kuwa wa zamani unaisha mwisho wa mwezi huu. Nyingine ni amri ya uhamisho: niondoke Jumatatu, yaani kesho, kwenda mashariki. Kukataa amri ni kosa, naweza kufungwa. Kukataa mkataba maana yake ni kutoa vyombo nje ya nyumba hii.

Nilimweleza habari ya eda. Alinisikiliza vizuri, hata akauliza zimebaki siku ngapi. Wiki sita, nikamwambia. Akafikiri kidogo.

"Haina matata, Mama Zaina. Tutapanga."

Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi leo, kwamba nilimshukuru.

Jana saa nane mchana niliona viti vya plastiki vinaingia uani kwangu. Nyuma ya viti, makasha mawili ya bia. Nyuma ya bia, askari wenzangu sita na wake zao, na Adjudant mbele, shati limepigwa pasi. Mama mmoja alibeba kitenge kipya na kopo la poda.

Kwa desturi yao, msiba una siku ya kufungwa. Watu wanakutana, wanakunywa, mjane anaogeshwa na kuvikwa nguo mpya, basi, kilio kimetoka. Siku hiyo huchaguliwa, na wakikubaliana inasogezwa. Adjudant alidhani eda ni hivyo hivyo: kitu ambacho wenzako wanaweza kukutoa Jumamosi ili uwahi ndege ya Jumatatu.

Akanisogezea kiti. "Mama Zaina, ikala. Leo tunakutosha kilio, inatoka yote. Lundi unapanda ndege, roho iko safi."

"Mon adjudant, hii haina kilio ya kutosha. Ni siku za Mungu."

"Eh! Na Mungu naye iko mu jeshi? Amri ni amri."

Wakacheka wote. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa amekuja kutoka mtaa wa Hewa Bora kunisaidia kufua. Akainuka kutoka kwenye beseni, povu mpaka kwenye viwiko.

"Adjudant, bibi yako akikuwa na mimba ya miezi tano, utamuambia azale leo samedi juu ndege iko inangojea?"

Sasa kicheko kikageukia upande mwingine. Yeye hakucheka.

"Weye hakuna muntu alikuita hapa."

Kisha akaninamia, sauti chini, karibu ya huruma. "Kule njo kwenye bwana yako iko analala. Utaona kaburi. Unakataa nini?"

Hapo alinipata. Niandike ukweli: nataka kwenda.

Amisi alikuwa hakorogi chai. Alitia sukari, akanywa, na utamu wote uliobaki chini ya kikombe akanisukumia mimi. Miaka kumi na moja. Sikuwahi kumwambia kwamba chai tamu hivyo inanichefua. Nilikuwa nainywa yote, halafu naenda uani kunywa maji. Ningependa kusimama pale alipolala nimwambie.

Lakini si kwa kupelekwa na watu walioleta bia mlangoni pake.

Hapo hapo yule mama mwenye kitenge alinipaka poda shingoni. Poda yenye manukato, na mimi ndani ya eda. Nikausukuma mkono wake kwa nguvu, kopo likaanguka. Sikuomba radhi.

"Leta zile karatasi," nikasema.

Wakapiga makofi. Mtu akafungua chupa.

Kwenye amri ya uhamisho niliandika: "Ninakataa kuondoka kabla eda yangu haijaisha." Nikaweka jina, cheo, tarehe na sahihi. Mkataba mpya, wa kunifunga tena kwa watu hawa, niliukunja bila kuutia hata nukta, nikamrudishia.

Adjudant alisoma mara mbili. Makofi yalikuwa yamekatika.

"Unajua ile unafanya? Kwanza buloko, watakufunga. Kisha nyumba."

"Najua, mon adjudant. Utoke kwanza na pombe yako."

Walibeba kila kiti. Yaya akamwaga maji ya kufulia nyuma yao, karibu sana na viatu.

Mkataba umebakiza siku tisa. Eda, thelathini na tisa. Kwa siku thelathini nitakuwa mvamizi ndani ya nyumba ambamo Mungu ameniamuru nikae. Waje. Nitaketi kizingitini, wanibebe mbele ya kambi nzima, na kila mke wa askari aone yatakayompata. Zaina, binti yetu, ameniuliza kama tunahama. Nimemwambia sijui. Hilo si uongo.

Ninaogopa? Ndiyo. Lakini hofu haijafika pale hasira ilipofika.

Kesho saa moja asubuhi, kama hawajaja kunichukua, nitakuwa zahanati. Jumatatu ndiyo siku ya Adjudant kubadilishiwa bandeji. Ana kidonda mguuni, na hataki kuguswa na muuguzi mwingine. Nitakiosha. Nitakifunga vizuri, polepole, asisikie maumivu.

Sitamsalimia.