Koti Lenye Mfuko Ulioshuka

Jumanne, 2 Julai 1985

Barua ya Wekulo imefika. Ati ameridhika! Chakula kizuri, chumba kina joto, posho ya serikali ya huko inatosha. Huyu ni ndugu yangu kweli? Mtu aliyenunia ugali wa mama miaka ishirini, leo anasifu supu ya kabeji? Miaka miwili yuko Ulaya na hajalalamika hata mara moja. Siamini.

Jentrix, mdogo wetu, ameisoma mara tatu akicheka. Na yeye amechaguliwa, skolashipu ile ile. Wazazi hatuna, kwa hivyo sahihi ni yangu. Fomu irudi Jumatatu.

Jumatano, 3 Julai

Jentrix alienda mkutano wao huko mjini. Mtu wa ofisi ya skolashipu akawaambia wanafunzi walio huko waliulizwa kwa fomu, wote wakajibu wameridhika sana. Wote! Hata mmoja hasikii baridi? Kizuri chajiuza. Hiki mbona kinajitembeza? Nikamwambia hivyo Jentrix. Akasema mimi hata malaika akileta nguo nimshonee nitamwomba kitambulisho. Mjinga huyu. Nilicheka, lakini sikusaini.

Ijumaa, 5 Julai

Mzee Ephantus, mwenye ploti, amekuja hadi kwa cherehani yangu. Kuringa tu. Ana picha ya Ishmael wake, aliye chuo kimoja na Wekulo. "Ona, Nabalayo, serikali ya huko imemvalisha!"

Nikaangalia. Ngoja — koti la kijivu, mfuko wa kushoto umeshuka upana wa kidole. Huo mfuko ni mimi! Niliushona mbio mbio asubuhi Wekulo akisafiri. Na Ishmael alivyo mnene, limemkaba, mikono imeishia juu huko.

Nikasema hongera mzee. Ningesema nini? Wekulo ameliuza? Ameibiwa? Leo nimeshonea mteja vifungo upande wa nyuma, blauzi nzima. Nimefumua yote.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani sikusikia neno. Baadaye nikatembea kwa miguu mpaka Kibera, mtaa wa Lindi, kwa Sella. Kijana wake pia yuko Ulaya, chuo kile kile. Nikaomba kuona picha, nikajifanya nimekuja kusalimia tu.

Mayi, mama yangu! Koti langu. Mfuko umeshuka. Nikatoa picha ya Wekulo kwenye kibeti, nikaziweka pamoja. Ukuta ule ule, redio ile ile mezani, hata saa ya mkononi ni moja. Vijana watatu, koti moja! Wanalivaa kwa zamu wapigwe picha za kututumia. Na siku hakuna picha, nani analivaa?

Sella akauliza mbona nalia. Nikasema ni vumbi la njiani. Mwongo mimi, kama wao tu.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemwambia Jentrix yote. Mfuko, redio, Ishmael. Nikagonga meza — huendi!

Hakushtuka. Hata kidogo! Ati anajua tangu Krismasi, Wekulo alimwandikia yeye barua kando. Posho inachelewa miezi, makoti mengine waliyauza wapate kula. Hata fomu ya kuulizwa waliijaza pamoja, wakaandika wameridhika kwa kuogopa kurudishwa nyumbani bila digrii. Na bado anataka kwenda. Ati hapa Kawangware atafanya nini, kushona vifungo na mimi?

Hasira imenipanda, hata mwandiko umeharibika. Kumbe aliyefichwa ni mimi peke yangu! Na nilishinda njaa nikiwasomesha.

Sasa ametandaza kitambaa cha koti mezani. Nikachukua tepu, basi, nimpime, kupima si kukubali. Akausukuma mkono wangu. Akasema, "Usinipime mimi, dada. Kata kubwa, limtoshe Ishmael."

Ofisi inafungwa saa kumi. Fomu sijaigusa. Kifua cha Ishmael nakijua, nilimshonea nguo ya kwaya — inchi arobaini na nne. Kitambaa hiki hakitamtosha, labda nikiunga mgongoni na —