Kofia Iko Mfuko wa Pembeni

Mwanangu Koku,

Nimekaa kwenye kiti cha baba yako hapa barazani, simu nimeiweka juu ya daftari. Shaabani alipiga asubuhi akasema mmefika hospitali, umepewa kitanda, na kwamba nisiwe na wasiwasi. Mume wako ni mtu mzuri ila hajui kudanganya. Sauti yake ilikuwa imekauka. Tangu hapo sijasikia kitu, na sasa ni saa nane mchana.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kihaya sijawahi kukiandika, na labda ni afadhali. Kwa Kihaya ningekuwa nimeshalia. Kiswahili mimi nilikiacha darasa la nne, nikikiandika lazima nikae vizuri kama niko mbele ya mwalimu. Barua hii sijui kama nitakupa. Mikono inataka kazi tu.

Mwaka juzi ulikuja kwetu kujifungua, kama inavyotakiwa mimba ya kwanza, tukaenda wote kliniki Muleba. Nesi akakupa karatasi ya vitu vya kuandaa. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuvuta, kwa hiyo ulinisomea njia nzima tukirudi Kagoma: khanga, beseni, mpira wa kutandika, pamba, glovu, nyembe. Kila kimoja nilikiitikia. Ulipofika kwenye nguo za mtoto nikanyamaza. Ukarudia. Nikakwambia hizo tutanunua akishazaliwa, kwetu nguo za mtoto haziingii ndani kabla ya mwenyewe. Ukacheka, ukafungua mkoba wako ukanionyesha fulana tatu, sweta, na soksi ambazo hazikutosha hata kidole gumba changu. Ulikuwa umeshazinunua Bukoba.

Sikukugombeza. Ningekugombeza ingekuwa afadhali, ungenijibu, unajua kujibu wewe. Nilingoja ulale mchana, nikazichukua nikazipeleka kwa mama Jastini, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, azitunze kwake mpaka siku ifike. Mama yangu alinifanyia hivyo mimi, na wewe ukaishi. Nikajiona nimepata akili ya kuwaridhisha wote, nesi na marehemu bibi yako.

Siku haikungoja. Ulikuwa na miezi saba na kidogo, mvua inanyesha, ukashika ukuta wa jikoni ukaniita. Baba yako akakimbilia bodaboda, mimi nikakimbilia kwa mama Jastini. Nikakuta kufuli. Alikuwa amekwenda msibani Kamachumu. Niligonga mlango wa mtu asiyekuwepo, mwana wange. Niligonga mpaka mkono ukavimba, kama vile zile nguo zingeamka zenyewe zinifungulie.

Pale kituo cha afya nesi alimpokea mtoto, akageuka kunitazama.

"Mama, nguo za mtoto ziko wapi?"

Nikasema ziko kwa jirani. Akaendelea kunitazama, kama anangoja nimalizie. Nikavua kitenge changu nikampa, nacho kilikuwa kimebeba mvua yote ya njiani. Akatafuta upande mkavu. Haukuwepo. Walikuja kupata shuka zao baadaye, lakini ile baadaye mimi na wewe tunajua ilivyokuwa ndefu. Mjukuu wangu akakaa nasi mpaka asubuhi, basi.

Daktari alitueleza kwamba mapafu yalikuwa hayajakomaa, hata angevikwa nini ingekuwa hivyo hivyo. Nilimsikia. Nawe ulimsikia. Lakini tulipokuwa kwenye gari la kurudi ulisema neno moja tu, uso umeugeuzia dirishani.

"Alikuwa anatetemeka, mama."

Hatujalisema tena. Tumesema habari za kahawa, za migomba iliyoangushwa na upepo, za shemeji zako. Hilo hatujalisema.

Kuna kitu nakumbuka ambacho wewe labda umesahau. Ulikuwa na miaka kama mitano, umejitengenezea mtoto kwa kipande cha mgomba, unambeba mgongoni kutwa nzima. Umande ukabaki kwenye nyasi siku hiyo, baridi kweli, nikataka kumchukua nikufunge wewe khanga vizuri. Ukakataa, ukaruka nyuma. Ulisema nisimfunue, ana baridi. Nikacheka na majirani wakacheka. Wewe hukucheka. Toka utotoni ulijua jambo ambalo mimi mtu mzima lilinishinda.

Mimba hii nimeisikia ikiwa na miezi sita. Sikulalamika. Ulinipigia mwenyewe, ukaniambia kwa sauti ya upole ambayo iliniuma kuliko ukali: "Mama, safari hii usije mpaka nikuite." Utajifungulia hapo Bukoba, utatokea nyumbani kwako Miembeni, mama mkwe wako yupo. Nikasema sawa. Ningesema nini, Koku? Nikarudi kupalilia maharage, nikajikuta nimeng'oa maharage na majani pamoja.

Ndipo nikakufungia begi la kujifungulia. Khanga nilizifua mara tatu mpaka zikalainika. Nikaweka unga wa uji, chupa ya chai, vitu vyote vya ile karatasi, maana karatasi ninayo bado. Na nguo za mtoto nikaziweka juu kabisa, macho yako yaanzie hapo. Kofia niliiweka kando peke yake; nimeifuma mwenyewe kwa uzi wa njano. Nimeifumua mara tatu, kwa sababu kichwa chenyewe sikijui. Mwisho nikaipimia kwenye parachichi. Baba yako akapita akaniuliza kama parachichi limelalamika baridi. Nikacheka mpaka nikashika mlango, halafu nikakaa chini.

Begi likapanda basi pale Muleba, mwezi mzima kabla. Bi Zuhura, mama mkwe wako, alinipigia lilipofika. Akanitania: "Mzazi mwenzangu, umefunga begi au umehamisha nyumba?" Nikamuuliza wewe umesema nini. Akasema umelifungua, umetazama, umelifunga, hukusema kitu. Lakini hukulitoa ndani. Hilo nalo aliniambia, Mungu ambariki.

Kwa hiyo safari hii ni mimi niliyeingiza nguo za mtoto nyumbani kwako kabla ya mtoto. Mimi. Na sasa naogopa pande zote mbili. Nisipofunga naogopa, nikifunga naogopa. Nimeosha vyombo visivyo na uchafu. Nimesali, nikasahau nilipofika, nikaanza upya. Natazama barabara kama vile ndiyo inayojifungua. Hakuna ninachoweza, waitu, jamani, hakuna.

Niliacha kuandika hapo. Simu iliita.

Alikuwa Shaabani. Hakunisalimia, yeye ambaye hata shikamoo mbili hunipa. Nyuma yake watu wanasema, beseni linagongwa, sikuweza kusikia kama kuna anayelia.

"Mama, kofia iko wapi? Nesi anaitaka."

"Mfuko wa pembeni, baba. Zipu yake mbovu, vuta kwa nguvu."

Nikasikia zipu. Nakuapia niliisikia. Halafu simu ikakatika, nimepiga tena na tena haipatikani. Sikuuliza ni wa kike au wa kiume. Sikuuliza wewe uko vipi, na hilo ndilo lililokuwa la kwanza kuuliza, nisamehe, midomo ilikuwa na kofia tu.

Sijui kitu zaidi ya hapo. Najiambia kofia haiwezi kutafutwa kama hakuna kichwa cha kuivaa. Halafu nakumbuka kwamba hata yule tulikaa naye mpaka asubuhi, napiga simu tena.

Mfunike vizuri, mwanangu. Mtu akitaka kumfunua, mkatalie, hata akiwa mimi. Nilisema siji mpaka uniite, na siji. Ila viatu nimevaa tangu asubuhi, na baba yako amemwambia wa bodaboda asiende mbali.

Ni mimi mama yako,
ninayengoja nimevaa viatu.